Salem 1692: Aliyekana Alinyongwa, Aliyekiri Akaishi

Timu ikifungwa tatu bila, tunatafuta mchawi. Mradi ukikwama, tunatafuta mchawi. Kwetu msemo huu una utani ndani yake, na kila mtu anaelewa: acheni kumtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Wanasiasa wa Marekani nao wana wa kwao, na kila wakichunguzwa utawasikia wakilalamika kwamba wanasakwa kama wachawi wa Salem. Habari hiyo ikifika kwetu kwa Kiswahili, wengi hupata picha ya umati wenye mienge ukimkokota bibi kizee kwenda kumchoma moto msituni.

Picha hiyo haifanani na kilichotokea. Hapakuwa na umati uliojichukulia sheria mkononi, moto haukuwashwa, na waliouawa hawakuwa vikongwe wala wanawake peke yao. Ilikuwa mahakama: hati za kukamata zilizotiwa saini, karani anayeandika maswali na majibu, majaji waliokula kiapo, raia 12 waliokaa kuamua. Watu 20 waliuawa kwa utaratibu ambao karatasi zake nyingi zipo hadi leo. Anayetaka kuelewa Salem aulize ni kipande gani cha mashine hiyo kilikuwa kibovu, kwa sababu si vyote vilivyokuwa vibovu.

Tuweke maneno sawa kwanza

Salem zilikuwa mbili. Mji wa Salem ulikuwa bandari katika koloni la Kiingereza la Massachusetts. Kilomita chache kuelekea bara kulikuwa na Kijiji cha Salem, mashamba na nyumba zilizotawanyika, ambacho leo kinaitwa Danvers. Tuhuma zilianzia kijijini, hukumu zikatolewa mjini.

Wakazi wengi walikuwa Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza walioona kanisa la nchi yao halijasafishwa vya kutosha. Kwao koloni zima lilikuwa limefunga agano na Mungu, hivyo kila janga lilikuwa na ujumbe. Na majanga yalikuwepo. Kaskazini, huko Maine, vita na Wafaransa na washirika wao wenyeji vilikuwa vimemwaga wakimbizi na mayatima hadi Salem. Hati ya mfalme iliyolipa koloni serikali yake ilikuwa imefutwa tangu 1684. Kijijini kwenyewe watu waligawanyika juu ya mchungaji wao, Samuel Parris, kiasi kwamba Oktoba 1691 kamati ya kijiji ilikataa kukusanya kodi ya mshahara wake. Hata kuni zake zilikuwa ugomvi.

Sasa neno lenyewe, mchawi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida na pia ana mtego. Jirani wa Salem alimwogopa mchawi kwa namna tunayoijua: ng'ombe kafa ghafla, siagi imekataa kuganda, mtoto kaugua baada ya kugombana na fulani. Lakini wachungaji na majaji walikuwa na maana nyingine juu ya hiyo. Kwao mchawi ni mtu aliyetia saini katika kitabu cha Shetani, akamkana Mungu na kupewa nguvu kama malipo. Ni mhaini, tena ana wenzake. Jirani anayeogopa ng'ombe wake kufa anamtafuta mtu mmoja. Hakimu anayeamini kuna daftari la saini anatafuta orodha.

Sheria ilizibeba maana zote mbili. Sheria ya Kiingereza ya 1604 iliufanya uchawi kosa la kifo, na sheria za Massachusetts za 1641 zilikuwa zimeandika hivyo hivyo kwa kunukuu Biblia. Na kutopendwa dini yako kulitosha kukufikisha karibu na kitanzi. Mwaka 1688 mjini Boston alinyongwa mjane wa Kiairishi, Mkatoliki, aliyejulikana kama Goody Glover, akituhumiwa kuroga watoto wa familia moja. Mahakamani alizungumza Kiairishi, akatafutiwa wakalimani. Alipojaribiwa kwa Sala ya Bwana aliisema kwa Kilatini, akawa anakwama katika kipande kimoja au viwili. Mchungaji Cotton Mather aliieleza kesi hiyo katika kitabu cha 1689, dalili za watoto zikiwa zimeelezwa kwa kirefu. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye watu walishajua mtoto aliyerogwa anatakiwa aonekane vipi.

Jinsi kesi ilivyosukwa

Januari 1692 binti wa Parris, Betty wa miaka 9, na Abigail Williams wa miaka 11 aliyekuwa akiishi nyumba hiyo hiyo, walianza kupiga kelele, kujikunja na kulalamika kwamba wanachomwa na kubanwa. Daktari hakuona ugonjwa anaoufahamu, akasema ni mkono mwovu. Jirani mmoja alishauri dawa ya kienyeji ya Kiingereza: unga wa shayiri nyeusi uchanganywe na mkojo wa watoto, uokwe, apewe mbwa, na mrogaji atajulikana. Parris alipopata habari alimkemea mbele ya kanisa. Alichelewa. Wasichana walikuwa wameshataja majina, na dalili zimeenea kwa wengine, akiwemo Ann Putnam wa miaka 12.

Tarehe 29 Februari wanaume wa kijiji walipeleka lalamiko, hati zikatolewa kwa wanawake watatu: Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa Parris, Sarah Good, maskini aliyeombaomba na mwenye ulimi mkali, na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuonekana kanisani kwa muda mrefu. Kesho yake wakahojiwa. Mahojiano yalipangwa yafanyike katika nyumba ya wageni ya kijiji, lakini watu walijaa hadi ikabidi kuhamia kanisani.

Soma maswali ya hakimu John Hathorne kwa Sarah Good, kama yalivyoandikwa. Una urafiki na pepo gani mwovu? Hakuna. Hujafanya mkataba na Shetani? Hapana. Kwa nini unawaumiza watoto hawa? Siwaumizi. Basi umemtuma nani awaumize? Ni sawa na polisi anayeanza kwa kuuliza "umeziuza wapi zile simu?" kabla hajauliza kama uliiba. Hakuna jibu linalokutoa ndani ya swali.

Tituba naye alikana mwanzoni, kisha akakiri. Alisema ameona kitabu cha Shetani, na ndani yake alama tisa. Hiyo tisa ndiyo iliyowasha moto. Waliokamatwa walikuwa watatu. Wengine ni akina nani?

Kwa wiki kadhaa jela zilijaa bila mtu kuhukumiwa, kwa sababu koloni lisilo na hati halikuwa na mahakama yenye uhakika wa mamlaka. Gavana mpya, Sir William Phips, alitua Boston tarehe 14 Mei na hati mpya mkononi. Tarehe 27 Mei akaunda mahakama maalumu ya majaji tisa, mwenyekiti akiwa William Stoughton. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Kesi yake ilipitia baraza la kwanza la raia, lililoamua kama kuna la kujibu, kisha baraza la pili la raia 12, lililoamua kama ana hatia. Kesi ya kwanza, ya Bridget Bishop, ilisikilizwa tarehe 2 Juni. Tarehe 10 Juni alikuwa ameshanyongwa. Jaji mmoja, Nathaniel Saltonstall, alijiuzulu.

Ushahidi wa kivuli

Kipande kibovu ni hiki. Aliyerogwa alisema: nimemwona fulani akinijia usiku, akanikaba. Hakumaanisha mwili wa fulani. Alimaanisha kivuli chake, umbo ambalo Shetani hulituma kwa niaba ya mchawi, na ambalo halionwi na mtu mwingine yeyote.

Chukua kesi ya kawaida ya wizi. Unatuhumiwa uliiba Dar es Salaam Jumanne usiku. Unaleta tiketi ya basi, unaleta shemeji yako wa Morogoro, anasema ulilala kwake, kesi inaisha. Salem shemeji hakufai kitu. Ulikuwa kitandani? Sawa, mwili ulikuwa kitandani, kivuli kilikuwa matembezini. Ulikuwa jela na minyororo miguuni? Ndiyo maana minyororo iliongezwa, kwa imani kwamba chuma hukizuia kivuli.

Ngome pekee iliyobaki ilikuwa ya kidini: je, Shetani anaweza kuvaa sura ya mtu asiye na hatia? Akiweza, ushahidi wote wa kivuli umekufa. Stoughton alishikilia kwamba Mungu hawezi kumruhusu. Wachungaji wa Boston walipoombwa ushauri waliandika tarehe 15 Juni kwamba tahadhari kubwa inahitajika na kwamba kivuli peke yake hakitoshi, kisha mwishoni wakahimiza serikali iendelee kwa kasi na nguvu. Mahakama ilisoma mwisho.

Kulikuwa na ushahidi mwingine, na mara nyingi hutajwa kama utetezi wa majaji. Ulikuwa wa aina gani? Mshtakiwa alishikishwa mkono wa msichana aliyekuwa akigaragara. Msichana akitulia, basi sumu imerudi kwa mwenyewe. Wanawake walioteuliwa, pamoja na tabibu mmoja, walikagua miili kutafuta chuchu ya ziada ambayo pepo hunyonya. Tarehe 2 Juni walikagua asubuhi wakaona kinyama. Walipokagua tena alasiri, kwa Bishop, Rebecca Nurse na Elizabeth Proctor hakikuwepo. Nurse aliandika kulalamika kwamba mkaguzi mmoja, mzee na mzoefu kuliko wote, hakukubaliana na wenzake. Kisha walikuja majirani na kinyongo cha miaka kumi au ishirini: tuligombana juu ya nguruwe, nguruwe akafa.

Sheria ya koloni ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuuawa. Mahakama iliitimiza kwa ujanja wa hesabu: shahidi mmoja wa nguruwe, mwingine wa mtoto, wa tatu wa kivuli. Mashahidi watatu wa mambo matatu, kila mmoja peke yake na lake.

Uongo uliponaswa, mashine haikusimama. Robert Calef, mfanyabiashara wa Boston, ameandika kisa cha msichana aliyedai kivuli cha Sarah Good kimemchoma kisu, akaonyesha kipande cha wembe wa kisu. Kijana mmoja akatoa mpini na kipande kilichobaki, akasema kisu ni chake, kilivunjika jana, na alikitupa msichana huyo akiwa anatazama. Vipande vikalingana. Msichana akaonywa asiseme uongo, akaendelea kutoa ushahidi.

Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja

Aliyekiri aliwekwa hai atoe ushahidi dhidi ya wengine. Hakuna hata mmoja aliyeshikilia ungamo lake akanyongwa. Watu wapatao 55 walikiri, na ukijua hesabu ilivyokaa huwezi kuwashangaa. Samuel Wardwell alikiri, kisha dhamiri ikamsuta akafuta maneno yake. Alinyongwa tarehe 22 Septemba. Margaret Jacobs, msichana, alikiri na kumtaja babu yake, George Jacobs, kisha akakana. Babu alinyongwa. Yeye aliokolewa na ugonjwa uliochelewesha kesi yake.

Kila ungamo lilihitaji majina ili liaminike, na kila jina lilizaa hati mpya. John Proctor aliandika kutoka jela tarehe 23 Julai kwamba vijana walifungwa shingo na visigino pamoja hadi damu ikakaribia kuwatoka puani, ili wakiri. Ndivyo tuhuma tatu za Februari zilivyopita 150.

Wakati mwingine raia 12 walijaribu kufunga breki. Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71, mshirika wa kanisa, na majirani 39 walitia saini waraka wa kumtetea. Baraza lilirudi na jibu: hana hatia. Wasichana wakalipuka kwa mayowe. Stoughton akawauliza wajumbe kama wameyatafakari maneno ambayo Nurse aliyasema mshtakiwa mwingine alipoletwa, "ni mmoja wetu". Wakarudi kumuuliza maana yake. Nurse, ambaye hakuwa akisikia vizuri, hakujibu. Wakabadilisha: ana hatia. Baadaye alieleza kwamba alimaanisha mfungwa mwenzake. Gavana alimpa msamaha, halafu akauondoa. Alinyongwa na wanawake wengine wanne tarehe 19 Julai.

Giles Corey, mkulima wa miaka ipatayo 80, alichagua njia yake. Sheria ya Kiingereza ilimtaka mshtakiwa atamke kwamba anakubali kuhukumiwa na baraza. Alikataa kutamka. Adhabu ya kukataa haikuwa kunyongwa bali kushindiliwa: unalazwa chali, unawekewa ubao, juu yake mawe, yanaongezwa hadi ukubali au ufe. Alikufa tarehe 19 Septemba bila kukubali. Shamba lake alikuwa ameshawaandikia wakwe zake.

Na George Burroughs, aliyewahi kuwa mchungaji wa kijiji hicho hicho, tarehe 19 Agosti alisimama kwenye ngazi ya kunyongea akaisoma Sala ya Bwana bila kosa hata moja. Kumbuka Glover. Kipimo kilichomponza yule mjane, Burroughs alikishinda mbele ya watu, baadhi yao wakilia. Calef anasema Cotton Mather, akiwa juu ya farasi, aliwaambia kwamba Shetani hujigeuza kuwa malaika wa nuru. Kamba ikaendelea na kazi.

Pendekezo bora kuliko yote lilitoka kwa aliyehukumiwa kufa. Mary Easty, dada yake Rebecca Nurse, hakuomba maisha yake. Aliwaandikia majaji wawatenganishe wanaodai kurogwa na kuwahoji mmoja mmoja, na wawajaribu pia baadhi ya waliokiri. Mpelelezi yeyote wa leo angeanzia hapo. Alinyongwa tarehe 22 Septemba pamoja na wengine saba.

Kilichoisimamisha

Oktoba 1692 Increase Mather, baba yake Cotton, alitoa andiko lililosema ni afadhali washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Tuhuma nazo zilikuwa zimeanza kupanda ngazi hadi kwa watu wenye vyeo. Mwishoni mwa mwezi huo Phips aliivunja mahakama maalumu.

Januari 1693 kesi zilizobaki zilianza upya katika mahakama ya kudumu. Sheria ya uchawi ilikuwa ile ile, jaji mkuu akiwa tena Stoughton, na jela wamo wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kivuli hakikuhesabiwa tena kuwa ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Phips mwenyewe aliandika London kwamba kati ya watu wapatao 52 wote waliachiwa isipokuwa watatu, na hao aliwazuilia kifo. Stoughton alikasirika akatoka mahakamani. Ukitaka kujua ni msumari upi ulioshikilia jengo zima, huo hapo.

Kuachiwa hakukumaanisha kwenda nyumbani. Mfungwa alilipia chakula chake, ada za mlinzi, hata minyororo aliyofungwa. Waliowahi kuona mgonjwa aliyepona akizuiliwa wodini kwa deni wataelewa upesi. Lydia Dustin alionekana hana hatia, akafia jela Machi 1693 kwa kukosa kulipa. Dorothy, binti wa Sarah Good, aliingizwa jela na kufungwa minyororo akiwa na miaka minne au mitano. Mwaka 1710 baba yake aliandika kwamba hadi wakati huo hakuwa na uwezo wa kujitunza.

Mambo machache yanayorudiwa bila msingi

Hakuna aliyechomwa Salem. Kwa sheria ya Kiingereza uchawi ulikuwa kosa la kunyongwa. Moto ulitumika Scotland na bara la Ulaya, ambako uchawi ulitazamwa kama uasi wa dini. Waliochomwa kisheria katika makoloni hayo ni watu wengine: New York, mwaka 1741, watumwa 13 walichomwa hai kwa tuhuma za njama. Kati ya 19 walionyongwa Salem, 14 walikuwa wanawake na watano wanaume. Angalau watano wengine walifia jela.

Tituba hakuwafundisha wasichana uchawi wa Kiafrika msituni. Karatasi za mahakama zinamwita Mhindi, kwa maana ya mwenyeji wa Amerika, na hazina ngoma wala msitu. Uafrika alivishwa na waandishi wa baadaye. Hata ule mkate wa mbwa ulikuwa maarifa ya Kiingereza.

Ile nadharia ya mwaka 1976 kwamba watu walikula nafaka yenye kuvu inayoleta mazigazi inapendwa kwa sababu inatuondolea lawama sote. Tatizo ni kwamba sumu ya chakula haichagui. Ingewapiga walaji wa sufuria moja, wakiwemo watoto wadogo, na isingesubiri mshtakiwa aingie mlangoni ndipo ianze, wala isingetulia akimshika mgonjwa mkono.

Deni la karatasi

Tarehe 14 Januari 1697 koloni lilifunga na kuomba. Jaji Samuel Sewall alisimama kanisani Boston huku mchungaji akisoma toba yake mbele ya waumini. Wajumbe 12 wa baraza nao waliandika kuomba radhi. Mwaka 1706 Ann Putnam, sasa mtu mzima, alifanya vivyo hivyo kanisani kijijini. Stoughton hakufanya.

Mwaka 1711 serikali ilifuta hukumu za watu 22 na kugawa fidia ya pauni 578 na shilingi 12 kwa wao na familia zao. Uingereza yenyewe mwaka 1735 ilitunga sheria mpya iliyoacha kumwadhibu mchawi na badala yake kumwadhibu anayejidai kuwa na uwezo huo. Msomaji wa Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 atautambua mtindo, ingawa ya Kenya inamtia hatiani pia anayemtuhumu mwenzake.

Orodha ya 1711 ilikuwa na mapengo. Bridget Bishop, wa kwanza kunyongwa, hakuwemo. Jina lake na majina ya wengine wanne yaliandikwa katika sheria ya Massachusetts ya 2001. Hata hapo alisahaulika Elizabeth Johnson, mmoja wa wale watatu wa Januari 1693, aliyekuwa na miaka 22 alipohukumiwa na hakuacha mtoto wa kumsemea. Jina lake lilisafishwa mwaka 2022, baada ya mwalimu na wanafunzi wa shule moja ya North Andover kuifuatilia kesi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaomba, kwa maandishi, mwaka 1712.